KIWAVI WA VIAZI NDIYE NONDO WA MAPAPAI



Kila mwaka jarida letu hujaa mashairi, vitendawili na mijadala ya ngeli, nasi wanachama wa Chama cha Kiswahili twayafurahia sana. Mwaka huu nimemwomba mhariri anipe nafasi niandike juu ya mdudu. Tafadhalini msicheke. Mdudu mwenyewe ni nondo, na neno hilo lina mambo. Ukifungua kamusi utaona kuwa nondo ni joka kubwa la kwenye ngano; nondo pia ni vile vyuma ambavyo waashi huvilaza ndani ya zege; na nondo ni yule nduguye kipepeo anayeruka usiku. Mimi nazungumza juu ya huyu wa tatu.

Hapa Kinondo karibu kila mtu amemwona nondo huyu mara mbili, lakini ni wachache wanaojua kwamba mara zote mbili walimwona yule yule. Mara ya kwanza ni shambani. Umeinama unapalilia viazi vitamu, unafunua jani, mara unakutana na kiwavi mnene kama kidole cha mtu mzima, kijani, ana kipembe nyuma. Wengi hupiga kelele, kisha hutafuta jiwe. Mara ya pili ni magharibi, baada ya adhana, giza linapoanza kuingia. Umekaa uani, na kwenye maua ya mpapai unasikia mvumo, vuuu, kitu cha rangi ya majivu kimesimama hewani mbele ya ua bila kutua. Kabla hujamaliza kusema "tazama kile" kimekwenda. Mdogo wangu humwita chozi wa usiku, kwa jinsi anavyofanana na ndege chozi anaponyonya maua.

Kiwavi yule na chozi huyu wa usiku ni kiumbe kimoja. Hilo ndilo ninalotaka kulieleza, kwa sababu yule wa kwanza tunamuua, na yule wa pili tunamhitaji.

JINA NA UMBO LAKE

Wataalamu humwita Agrius convolvuli. Mswidi mmoja, Linnaeus, alimwandika katika kitabu chake mwaka 1758 kwa jina la Sphinx convolvuli. Convolvuli yatokana na jina la mimea inayojisokota na kutambaa, yaani jamii ya viazi vitamu. Na Sphinx je? Ni ile sanamu ya Misri yenye kiwiliwili cha simba na kichwa cha mtu. Viwavi wa ukoo huu wakishtushwa huinua kichwa na kifua, wakatulia tuli kama waliochongwa kwa jiwe. Mimi nimejaribu kumgusa mmoja kwa kijiti na kweli alifanya hivyo hivyo, akakaa katika hali ile hata nikachoka mimi kabla yake. Katika makala haya nitamwita nondo wa viazi.

Nondo mzima ni mkubwa. Ukimpima kutoka ncha ya bawa moja hadi ncha ya bawa la pili utapata kati ya sentimita 8 na 12. Mabawa ya mbele ni marefu, membamba, yamechongoka kama ya ndege mwewe, na rangi yake ni ya majivu yenye mistari na madoa meusi yasiyo na mpango. Kwa mbali wamwona kama gome la mti lililobanduka. Mchana hushika shina la mti, ukuta au nguzo ya ua, akafunika tumbo lake kwa mabawa, na unaweza kupita karibu yake mara kumi usimwone.

Uzuri wake ameuficha. Ukiyainua mabawa taratibu utaona tumbo lenye vipande vya waridi na vyeusi vilivyopangwa ubavuni, kimoja waridi, kimoja cheusi, mpaka mkiani, na katikati ya mgongo mstari wa kijivu. Mwili wake una manyoya laini, na mabawa yana magamba madogo sana ambayo ukiyagusa hubaki kidoleni kama unga. Basi usiyaguse bure, maana magamba yale yakitoka hayaoti tena.

Lakini ajabu kuu ni ulimi. Ni mrija mwembamba, wenye uwezo wa kuzidi sentimita 10, yaani mrefu kuliko mwili wake mwenyewe. Anaporuka tu huukunja chini ya kichwa kama chemchemi ya saa. Akifika mbele ya ua huunyoosha, akautia ndani, akanyonya mbochi, yale maji matamu ya ua, bila kuweka mguu juu ya petali. Hii ndiyo sababu nyuki na vipepeo wengi hawawezi kushindana naye kwenye maua yenye koo refu. Yako maua ya okidi hapa Kenya ambayo huweka mbochi ndani ya kijimkia kirefu, na watafiti wameona kuwa ni nondo wa ukoo huu ndio wanaoyatembelea.

Kabla ya kuruka hutetemesha mabawa kwa dakika kadhaa, kama mtu mwenye homa. Si ugonjwa. Misuli ya kifua chake haifanyi kazi sawasawa mpaka ipate joto, kwa hivyo anaipasha moto kwanza, kama dereva anavyowasha injini ya lori asubuhi akangoja.

ANAPOKAA

Nondo huyu hakai mahali pamoja tu. Ameenea Afrika nzima, na pia yupo Asia na Australia. Kila mwaka wengine huvuka bahari ya Mediterania wakaingia Ulaya, na wamewahi kuonekana hata Iceland, kule kwenye barafu. Nilipomwambia rafiki yangu habari hii alisema, "Kumbe nondo hapigi foleni ya viza!"

Hapa kwetu makao yake ni ya aina tatu, nayo yote yako karibu karibu, mwendo wa nusu saa kwa miguu. Kuna ufuo, ambako mlakasa umetambaa juu ya mchanga, ule mmea wenye maua ya zambarau na majani yaliyogawanyika mfano wa kwato la mbuzi. Mlakasa ni nduguye kiazi kitamu, na kiwavi wetu hula majani ya ukoo wote huo. Kuna mashamba na nyua zetu, penye viazi vyenyewe na mipapai. Na kuna msitu.

Msitu ninaousema ni Kaya Kinondo. Wenyeji wanaujua, lakini wenzetu wanaotoka mbali huenda hawaujui. Ni kama hekta 30 tu za miti mikubwa juu ya mawe ya matumbawe, karibu na bahari, na Wadigo wameuhifadhi kwa miaka mingi kuwa mahali patakatifu. Serikali iliutangaza kuwa mnara wa kitaifa mwaka 1992, na mwaka 2008 shirika la UNESCO likauingiza, pamoja na kaya nyingine za Wamijikenda, katika orodha ya urithi wa dunia. Ukiingia hufungwa kitambaa cheusi kiunoni, husemi kwa sauti kubwa, wala hutoki na kitu. Si ua, si kijiti, si jani. Kwa mwanafunzi wa biolojia sheria hiyo ni ngumu kidogo! Nilitamani kuchukua gome moja lililokuwa na nondo watatu, ikabidi niyaache macho yafanye kazi peke yake.

Nondo wa viazi hategemei msitu kwa chakula cha watoto wake. Hutegemea zaidi miti ya kulalia mchana, na giza la usiku. Lakini ana binamu zake ambao hawana budi kuwa na msitu au vichaka. Daphnis nerii, nondo wa rangi ya kijani iliyochanganyika na waridi, kiwavi wake hula mimea yenye utomvu mweupe ya jamii ya oleanda. Nephele comma, wa kahawia, mwenye alama nyeupe mfano wa mkato katika kila bawa la mbele, kiwavi wake hula vichaka vya miiba vya jamii hiyo hiyo. (Sisi wa Kiswahili tuna haki ya kumpenda nondo anayebeba alama ya uakifishaji.) Vichaka hivyo havipandwi na mtu. Tukivifyeka, na hao wamekwisha. Wakumbukeni binamu hawa, maana tutakutana nao tena kwenye mpapai.

MAISHA YAKE, KUTOKA YAI HADI NONDO

Jike huruka usiku juu ya viazi, akagusa majani kwa miguu na vipapasio ili ajue kama ni mmea wenyewe. Akiridhika hutaga yai moja, akaenda jani jingine akataga jingine. Yai ni dogo kuliko kichwa cha pini ya nguo, la kijani kibichi chenye kuelekea buluu. Kwa joto la pwani yetu halipiti wiki moja kabla ya kuanguliwa.

Kiwavi akitoka ana urefu wa milimita chache, na kazi yake ni moja tu: kula. Hula usiku na mchana. Ngozi yake haiwezi kutanuka sana, kwa hivyo ikimbana huivua, akabaki na mpya iliyokuwa chini yake. Hufanya hivyo mara nne. Mwishowe hufikia sentimita 9 au 10. Binamu yake mmoja wa Marekani, Manduca sexta, amechunguzwa sana katika maabara, na uzito wake huongezeka kama mara 10,000 kutoka anapoanguliwa hadi anapokomaa. Sasa fikiria mtoto wa kilo tatu akiwa na uzito wa lori la tani thelathini, tena kwa wiki tatu.

Rangi za viwavi hawa hazifanani. Wengine ni kijani wenye mistari mieupe ya mshazari ubavuni, wengine ni kahawia iliyokoza, karibu nyeusi. Wote ni ukoo mmoja. Wote wana kile kipembe nyuma, na hapa ndipo uvumi ulipo. Nimewasikia watu wazima wakisema kipembe hicho kina sumu na kikikuchoma mkono huvimba. La hasha! Kipembe ni laini, hakichomi wala hakiumi. Nadhani lawama inatoka kwa viwavi wengine, wale wenye manyoya ambao kweli huwasha hata ukatamani kujikuna kwa mchi. Wa viazi hana unywele hata mmoja. Nimemtembeza mkononi mbele ya darasa la Kidato cha Pili, na aliyeumia ni yule aliyeanguka benchini akikimbia.

Ili nione yaliyobaki nilimfuga mmoja. Nilimtia katika ndoo kuukuu yenye mchanga wa shambani, kina cha shubiri moja, nikamfunika kwa kipande cha chandarua, na kila asubuhi nikampa majani mapya ya viazi. Kinyesi chake ni vidonge vikubwa kama pilipili manga, na ndivyo vinavyomsaliti shambani: ukiona vidonge chini, tazama juu yake. Siku ya tisa aliacha kula. Akaanza kuzunguka ndoo kama mtu aliyepotewa na kitu, rangi yake ikafifia, kisha akatia kichwa mchangani akazama. Hakubaki hata alama.

Chini ya mchanga hujitengenezea chumba kidogo, akajivua ngozi kwa mara ya mwisho na kuwa pupa. Baada ya siku nne nilifukua upande mmoja taratibu nikamwona. Pupa ni kahawia yenye kung'aa, kama iliyopakwa vanishi, na mbele yake ina kitu kilichopinda mfano wa mkono wa buli la chai. Mwalimu wetu wa biolojia alituuliza ni nini, darasa zima likanyamaza. Kumbe ni ala ya ulimi! Ulimi ni mrefu mno kutoshea ndani ya pupa, kwa hivyo umewekewa mfuko wake nje. Ukiokota pupa shambani yenye mkono kama huo, wala huna haja ya kuuliza ni nani.

Penye joto pupa hukaa wiki mbili au tatu hivi. Ardhi ikiwa kavu au baridi huweza kungoja zaidi. Wangu alitoka usiku wa kumi na nane. Alipanda juu ya chandarua akiwa na mabawa madogo yaliyokunjamana, kama leso iliyolowa. Akaning'inia. Pole pole damu ilisukumwa ndani ya mishipa ya mabawa, yakateremka na kunyooka. Wakati huo huo alikuwa na kazi nyingine mdomoni. Ulimi wa nondo huzaliwa vipande viwili, kila kimoja mfano wa mfereji, naye hana budi kuviunganisha kwa kuukunja na kuukunjua tena na tena hadi viwe mrija mmoja. Akishindwa, basi hatakula maisha yake yote. Nilikaa na taa ya mafuta nimeipunguza mwanga nikitazama mpaka alfajiri, na nilipofunua chandarua hakuondoka papo hapo. Alitetemeka kwanza, kama nilivyoeleza, kisha akapita juu ya ukuta wa makuti akaelekea upande wa kaya.

MPAPAI DUME NA MPAPAI JIKE

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Mpapai asili yake ni Amerika ya Kati na kusini mwa Mexico, lakini umekaa pwani yetu hata tumeusahau ugeni wake. Mipapai yetu ya uani, hii inayoota kwa mbegu zilizotupwa, kwa kawaida huwa ama dume ama jike. (Iko pia aina yenye jinsia zote mbili katika ua moja, ambayo hupandwa sana na wakulima wa biashara, hiyo siizungumzii hapa.) Dume hutoa mashada marefu ya maua madogo yanayoning'inia. Jike hutoa maua makubwa yaliyokaa karibu na shina, na ndiyo yanayogeuka mapapai. Jike hawezi kuzaa vizuri mpaka chavua itoke kwa dume na kufika kwake. Nani ataibeba?

Upepo? Hautoshi. Nyuki? Huyatembelea maua ya dume, lakini maua haya yamejiandaa zaidi kwa wageni wa usiku: ni meupe au ya rangi ya maziwa, na harufu yake nzuri hupanda jioni. Kisha kuna ujanja ambao uliponifikia nilicheka peke yangu. Ua la dume lina mbochi. Ua la jike halina kitu! Limefanana na la dume kiasi cha kumhadaa nondo gizani. Nondo ananyonya kwa dume, uso na ulimi vinajaa chavua, anakwenda kwa jike akidhani atapata zaidi, anatia ulimi, hola, anaondoka kwa hasira ndani ya sekunde moja. Lakini sekunde hiyo imetosha. Chavua imebaki na papai limeanza.

Wataalamu wawili, Dino Martins na Steven Johnson, walichunguza mipapai ya wakulima hapa Kenya na kuchapisha matokeo yao mwaka 2009. Waliona kuwa wachavushaji wakubwa wa mpapai ni nondo wa ukoo huu wa mabawa ya mwewe, na miongoni mwao ni nondo wetu wa viazi pamoja na wale binamu, Daphnis na Nephele. Waliona pia kwamba umbali kati ya shamba na mimea ya asili, na hali ya mimea hiyo, huathiri kazi ya nondo hao. Shamba likiwa karibu na msitu au vichaka vilivyo hai, wageni wa jioni huwa wengi. Likiwa mbali, hupungua.

Sikilizeni basi. Wazee wa kaya hawakuzuia kukata miti kwa ajili ya mapapai. Walikuwa na sababu zao, za makaburi na mizimu na heshima ya waliotangulia, nazo sababu hizo zinawatosha. Lakini kila jioni kutoka kwenye zile hekta 30 hutoka wafanyakazi ambao hakuna anayewalipa, na papai linalouzwa kandokando ya barabara ya kwenda Diani lina sehemu ya jasho lao. Msemaji mmoja katika mjadala wetu wa shule alidai kwamba msitu usiokatwa ni mali iliyolala. Ningependa akae chini ya mpapai wetu saa kumi na mbili na nusu jioni.

Kuna jambo jingine linalonitia wasiwasi, nalo ni taa. Nondo huvutwa na mwangaza mkali, akauzunguka mpaka akachoka au akaliwa na popo na mijusi. Ukanda wa Diani usiku unawaka kama mchana, na siku hizi hata nyumba zetu zina taa za usalama zinazowaka hadi asubuhi. Shuleni kwetu chini ya taa ya bwenini nimeokota nondo wa viazi wamekufa, asubuhi moja wawili, nyingine watano. Taa yenye kifuniko inayomulika chini tu, au inayozimwa watu wakilala, ingewapunguzia ajali. Sisemi tukae gizani. Nami pia naogopa nyoka.

TUMFANYEJE KIWAVI?

Mtu atauliza: je, tumwache atumalizie viazi? Hapana. Viazi vikiwa bado vichanga, viwavi wachache wanaweza kuacha vijiti vitupu, na hapo mkulima ana haki ya kukasirika. Lakini shina likishakomaa na kutambaa, huota majani mengine bila shida. Adui mkubwa wa kiazi kitamu ni fukusi, yule mdudu mdogo anayetoboa kiazi chenyewe na kukifanya kichungu hata mbuzi akakikataa. Fukusi haonekani, basi hukumu yote tunampa kiwavi kwa kuwa ni mkubwa na ana pembe.

Kwa shamba la ukubwa wa haya yetu dawa ya kunyunyiza ni gharama bure. Kiwavi ni mkubwa, hakimbii, na vidonge vyake vinamsema. Mwokote kwa mkono. Kulima baada ya kuvuna kunafukua pupa, na kuku hufanya yaliyobaki. Isitoshe, kuna nyigu wadogo na nzi ambao hutaga mayai ndani ya viwavi na kuwapunguza wenyewe, na dawa huwaua hao kwanza. Mimi wale ninaowaokota huwatia katika kopo nikawapeleka ufuoni kwenye mlakasa. Si mbali, na huwa nakwenda huko kuoga hata hivyo.

Na mpapai dume usiukate wote. Hapa ndipo ugomvi wangu na nyanyangu ulipoanza. Uani kwake kuna mipapai saba, na mmoja ndio dume. Likizo ya Agosti nilimkuta amekwisha kumwita kijana mwenye panga.

"Shikamoo nyanya."

"Marahaba mjukuu wangu. Umekuja wakati mzuri, utusaidie kuburura. Ule hauzai, unakula ardhi tu."

Nikamweleza yote niliyoyaeleza hapa, habari za chavua, mbochi na ua la jike linalohadaa. Nikamwambia kuwa dume mmoja hutosha majike kumi hivi, na kwamba akimkata huyu, nondo wa jioni hawatakuwa na cha kubeba. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake. Kisha akauliza, "Na huyo mdudu wako ndiye yule aliyekula viazi vyangu wakati wa masika?"

"Ndiye, nyanya."

"Kwa hivyo ananidai yeye, au namdai mimi?"

Kijana wa panga alicheka mpaka akaketi chini. Jioni ile nilimwomba nyanya tukae wote kwenye mkeka. Walikuja wawili. Mmoja alikwenda moja kwa moja kwenye mashada ya dume, akapita ua hadi ua, kisha akamgusa jike aliye karibu na jiko na kutoweka. Nyanya hakusema kitu. Kesho yake alimlipa kijana nauli ya kurudi kwao.

Mpapai dume bado umesimama. Nyanya amefunga kamba ya kuanikia nguo kutoka hapo hadi kwenye mwembe, ili, kama alivyosema, ufanye angalau kazi moja ambayo yeye anaiona mchana.